Kikao cha vyeti vya afya: Jumanne saa 9 alasiri

Habari za asubuhi ndugu zangu wa migahawa na mama lishe wa Kariakoo. Mabwana afya wameanza kupita, kwa hiyo tukutane Jumanne saa 9 alasiri, wateja wa mchana wakishapungua, pale kwa mwenyekiti.

1. Njoo na vyeti vya kupima afya vya wafanyakazi wako wote, hata muosha vyombo na kijana wa chipsi (hao ndio tunaowasahau). Cheti ni cha miezi 6 tu, kwa hiyo tazama tarehe leo, usingoje ukaguzi.

2. Tutazungumzia joto la chakula: cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha friji chini ya 5. Mwenye kipimajoto cha jikoni akibebe jamani, wengi wetu tunapima kwa kidole!

3. Mchango Sh 3,000, wa chai na nakala za fomu.

Tafadhali thibitisha hapa kabla ya Jumapili saa 2 usiku: andika jina la mgahawa na idadi ya wafanyakazi ambao vyeti vimeisha, ili niombe kituo cha afya kitupangie siku moja ya kupima. Asanteni sana.