Jumapili Katuba: njoo na wazo moja

Bandugu, jambo yenu.

Jumapili kisha misa tunakutana Katuba, palepale chini ya mwembe. Kila mtu aje na wazo moja la kupinga sheria inayobana wapiga kura kituoni. Bila fujo, tusimpe polisi sababu.

Mfano: Georgia, kule Marekani, sheria ya 2021 ilikataza kumpa chakula au maji mtu aliye kwenye mlongo wa kura, ndani ya futi 150 za jengo, kama mita 45 hivi. Maji, jamani! Watu wakaenda mahakamani, na 2023 jaji akasimamisha kwa muda sehemu ya katazo, ile iliyomfuata mpiga kura hata nje ya mita hizo.

Ila kwangu mimi, watu wa Beni, hapa kwetu Kongo, wanawashinda. Desemba 2018 CENI, tume ya uchaguzi, iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi mpaka Machi 2019, na rais akaapishwa Januari bila sauti zao. Siku yenyewe ya kura ya nchi, tarehe 30 Desemba, watu wa Beni wakapanga milongo yao, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura yao ya mfano kwenye karatasi. Haikuhesabiwa, lakini dunia iliiona.

Mama wa sokoni, nyinyi ndio mnajua mambo ya mlongo, msikose. Na tafadhali, jumbe za sauti za dakika saba humu kwenye grupu, hapana.

Asiye na wazo alete bido la maji.