Mafuta "yasiyo na kolesteroli" bado yanaweza kuipandisha

Mhariri,

Mitungi mingi ya mafuta ya kupikia inayouzwa Kisumu na Nakuru imeandikwa kwamba haina kolesteroli. Ni kweli, ila hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika, kwa hivyo maneno hayo hayamwelezi mnunuzi chochote. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo kwenye damu hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo linaloondoa LDL, aina ya kolesteroli inayojikusanya kwenye kuta za mishipa. Mafuta ya aina inayoganda ("saturated fat") hulifanya ini lipunguze milango ya kuipokea LDL hiyo, nayo ikabaki ikizunguka.

Kwa hivyo geuza mtungi usome nyuma. Katika kila gramu 100, mafuta ya alizeti yana takriban gramu 11 za aina hiyo inayoganda. Mawese yana karibu nusu, na hata yale yaliyochujwa yakawa laini, yanayoandikwa "palm olein", hubaki na zaidi ya gramu 40. Mafuta ya nazi, yanayosifiwa sana siku hizi, hupita 80. Asubuhi ya baridi ya Julai kule Nakuru huhitaji hata kusoma: mtungi ukiwa na utandu mweupe uliotuama chini, kwa kawaida hayo ni mawese, ingawa mchana yatamiminika kama maji.

Kubadilisha aina peke yake hakutoshi ikiwa mkono ni ule ule. Familia ya watu 5 ikitumia nusu lita kwa wiki, kila mtu anapata kijiko kimoja kikubwa kwa siku, na hicho kinatosha. Pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye mtungi. Omena (dagaa) wasafishe kwa maji moto, wachemshe kidogo, mwaga maji, kisha kijiko kimoja cha mafuta, kitunguu na nyanya nyingi. Samaki wa ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, mara nyingi hukaangwa ndani ya mafuta mengi kabla ya kurudishwa kwenye mchuzi, kwa hivyo agiza wa chemsho.

Sasa mrenda, ile mboga ya majani. Ule utelezi ambao vijana wengi wanaukimbia ndio wenye kazi. Ni nyuzi zinazoyeyuka majini, za jamii moja na zilizo ndani ya maharagwe na oti. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo. Nyuzi hizi huinasa nyongo tumboni ikatoka na choo, na ini hulazimika kuchota LDL kutoka kwenye damu ili litengeneze nyingine. Tatizo ni jinsi tunavyoumalizia mrenda na osuga (mnavu): tunamwagia malai au samli hadi mboga ing'ae, na faida yote ikazama humo. Tumia maziwa yaliyochemshwa, yakapoa, yakaenguliwa malai.

Maharagwe, ndengu au kunde zilizopikwa, gramu 130 hivi kila siku (karibu robo tatu ya kikombe), hupunguza LDL kwa takriban asilimia 5. Nyoyo, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, inahesabika, mradi maharagwe yasiwe ya kutafutwa kati ya mahindi. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, na anza na vijiko 3 au 4 kwa siku. Wanaoanza na sahani nzima hujaa gesi, wakakata tamaa ndani ya wiki. Unga wa posho usiochekechwa ni mzuri kwa tumbo, lakini nyuzi zake nyingi haziyeyuki, kwa hivyo usiutarajie ushushe LDL. Maji ya ndimu nayo hayaoshi mafuta kwenye mishipa, na anayeuza unga wa miti shamba kwa ahadi hiyo anawadhuru watu.

Pima LDL tena baada ya wiki 6 hadi 12. Mapema zaidi ya hapo huenda usione mabadiliko kamili. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa sababu ameanza mrenda. Chakula kilichopangwa vizuri kwa kawaida hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15, ilhali dawa za statini hushusha 30 hadi 50, na aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo anahitaji vyote viwili. Anayemeza simvastatini au atovastatini aepuke balungi ("grapefruit"), maana tunda hilo huongeza dawa kwenye damu na inaweza kuumiza misuli.

LDL ikifika milimoli 4.9 kwa lita au zaidi, mwombe daktari aangalie tezi ya shingo, kwa kuwa ikilegea kolesteroli hupanda. Aulize pia kuhusu jamaa waliopata mshtuko wa moyo wakiwa bado vijana. Kuna kolesteroli ya kurithi, na dalili yake moja ni uvimbe mgumu kwenye kano ya kisigino. Ikithibitishwa, ndugu wa tumbo moja na watoto nao wapimwe, hata walio wembamba.

Mtaalamu wa lishe,
Kisumu