Kipodozi kwenye lebo, dawa mdomoni mwa muuzaji

Mhariri,

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikisafisha vidonda vya wagonjwa wa kisukari. Juzi mama mmoja alinitolea kichupa cha maji ya buluu kutoka kwenye pochi. "Mwanangu, nidondoshee hii. Dukani wamesema inaotesha nyama."

Ile rangi ilinitosha kujua kuwa ni peptidi (kipande kidogo cha protini) ya shaba, GHK-Cu. Muuzaji hakuzua yote. Mwaka 1973 Mmarekani Loren Pickart aliigundua katika plazima ya damu ya binadamu: asidi amino tatu tu, glisini, histidini na lisini, zenye tabia ya kuishika shaba. Mwili wenyewe unayo, na hupungua umri unavyosonga. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa waliiweka kwenye seli za tishu unganishi, zikatengeneza zaidi kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara. Hata kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni zishikamane hakifanyi kazi bila shaba.

Lakini seli zile zilikuwa kwenye kisahani cha maabara. Mguu wa yule mama damu haiufikii vizuri, ganzi imeushika, na usaha umeshachimba. Isitoshe, kichupa kimefunguliwa nyumbani na kitoneshi chake kimeshikwa na vidole vya watu watatu. Huwezi kukiita safi kwa kidonda.

Usoni sina ugomvi nayo. Kwa tuliowahi kuwauguza walioungua na mkorogo, ni heri mara mia mtu apake hii kuliko krimu ya zebaki.

Ugomvi wangu ni huu. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), dawa ziko kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Kichupa hiki kwenye lebo ni kipodozi. Mdomoni mwa muuzaji, na kwenye WhatsApp anakotangazia, ni dawa ya kidonda. Mkaguzi akisoma lebo tu, haoni kosa. Naomba taasisi hizi mbili zikubaliane nani anafuatilia maneno ya muuzaji, maana ndiyo yaliyomfanya mama huyu akae wiki tatu nyumbani bila kuja kwetu.

Kichupa nilimrudishia, nikamwambia apake usoni akipenda. Alicheka. Kesho anarudi kubadilishiwa bandeji, na daktari ataangalia kama mfupa umeguswa.

Muuguzi,
Tanga