Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Afya: Kirudishe kifungu cha matibabu

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu na heshima zote unazostahili. Nimekuandikia barua tatu kupitia ofisi yako. Ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili na ya tatu sijui ziliishia wapi. Hii ya nne nimeamua kuiandika mbele za watu, maana subira yangu imefika mwisho.

Jumanne usiku nilikuwa nimekaa kwenye benchi la korido ya wodi ya wagonjwa wa akili. Mwanangu alikuwa amelala chini kwenye godoro kwa sababu vitanda vilikuwa vimejaa. Alikuwa amechomwa sindano ya kumtuliza, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni na kingine nimekipakata. Hapo ndipo rafiki yangu aliponitumia kwenye simu rasimu ya tatu ya muswada wa kuhalalisha bangi. Niliisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka chaji ikakaribia kuisha. Nilikuwa natafuta kifungu kimoja tu. Sikukiona. Nikarudi mwanzo nikidhani nimekiruka kwa usingizi. Hakimo.

Kifungu hicho unakijua, kwa kuwa wewe ndiye uliyekitangaza. Siku ya kukusanya maoni ya wananchi nilipewa dakika tatu, nikasimama nikaeleza habari za kijana wangu huku sauti inatetemeka. Nilipokaa, ulishika kipaza sauti ukasema kwamba sehemu ya kila kodi itakayotokana na bangi itaandikwa ndani ya sheria kuwa ni ya matibabu ya vijana, na kwamba hakuna duka litakalofunguliwa kabla matibabu hayo hayajawepo. Ukumbi mzima ulisikia. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga mpaka viganja vikaniuma. Nilirudi nyumbani nikamwambia mwanangu, "Wakubwa wamekuzungumzia leo." Alicheka. Alikuwa na miezi mingi hajacheka.

Katika rasimu ya kwanza kifungu kilikuwemo. Katika ya pili kikapunguzwa kikawa sentensi mbili. Katika hii ya tatu nimekuta neno "uhamasishaji" limebanwa katikati ya kanuni za matangazo na kanuni za vifungashio. Leseni za kulima zimeandikwa vizuri, za kusindika zimo, za kusafirisha nje zimo, ada za kila leseni zimo, hata ukubwa wa herufi kwenye pakiti umewekwa. Aliyepata muda wa kupima ukubwa wa herufi hakukosa muda wa kumkumbuka mgonjwa. Nadhani alikumbushwa mambo mengine. Naambiwa wawekezaji walilalamika kwamba tozo ya matibabu itawapandishia gharama. Sina ushahidi wa hilo, lakini kama kuna sababu nyingine, uitaje, kwa maana ahadi uliitoa hadharani.

Mheshimiwa, mwanangu alianza kuvuta akiwa na miaka 14. Bangi ilikuwa haramu wakati huo kama ilivyo haramu leo, na uharamu huo haukumkinga kwa lolote. Aliyemuuzia hakumuuliza umri, hakumwambia ina nguvu kiasi gani, na alimkopesha alipokosa pesa. Mimi nilikuwa natoka kazini usiku. Niliona macho mekundu nikadhani ni kusoma sana. Nilijisifu kwa majirani kwamba mtoto wangu anakesha na vitabu.

Alipofika miaka 17 alianza kuziba madirisha ya chumba chake kwa magazeti. Siku moja nikamkuta ameifungua redio kwa kisu cha jikoni, vipande amevitandaza sakafuni, skrubu amezipanga mstari mmoja kuanzia ndogo hadi kubwa. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, humu ndani kuna mtu anataja jina langu. Namtafuta nimwombe anyamaze." Ule upole ndio ulionitia hofu. Angepiga kelele ningedhani ni utukutu wa ujana.

Sitasema bangi peke yake ndiyo iliyomfikisha hapo. Baba yake mdogo aliugua ugonjwa wa namna hiyohiyo, na hakuwahi kushika msokoto maishani mwake. Daktari alinieleza kwamba kilichomo katika damu ya ukoo ni kuni, na bangi ya ujanani ni kiberiti. Kuni zilikuwa ndani ya nyumba yangu na mimi sikujua. Wazazi wangapi hawajui? Watafiti wamelichunguza jambo hili miaka mingi. Nchini Sweden waliwafuatilia vijana 45,570 walioitwa jeshini, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, kwa kiwango mara sita ya wale ambao hawakuvuta kabisa. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliofanywa katika miji ya Ulaya na Brazili, ulionyesha kwamba anayevuta kila siku bangi yenye THC, kemikali inayolevya, ya asilimia 10 na kuendelea yuko katika hatari karibu mara tano ya kuchanganyikiwa akili. Wengi wanaovuta hawatapatwa na haya, nalijua hilo na silifichi. Lakini wachache watakaopatwa watapelekwa wapi? Watapelekwa kwenye korido niliyokaa mimi Jumanne.

 THC waliitenga wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni nchini Israeli mwaka 1964. Iko na nyingine iitwayo CBD ambayo hailevyi, na dawa iliyotengenezwa kwayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya aina mbili kali za kifafa kinachoanza utotoni. Kwa hiyo wanaosema bangi ina dawa ndani yake wana haki ya kusema, na mama mwenye mtoto wa kifafa akiingia kwenye ukumbi wako nitampisha kiti changu. Ninachokataa ni mtu kusimama na kusema "ni mmea tu" halafu akakaa. Mmea unaouzwa mitaani umechaguliwa mbegu kwa mbegu ili ulevye zaidi. Mvulana wa miaka 14 hanunui dawa ya kifafa.

Na wale wa upande wa pili, wanaotaka kila mwenye msokoto afungwe, nao nina neno nao. Mwanangu alikamatwa akiwa na misokoto miwili. Tayari alikuwa mgonjwa, ana cheti, ana dawa za kumeza asubuhi na jioni. Alikaa mahabusu siku 11. Nilikwenda na dawa kila asubuhi. Nikaambiwa hazipokelewi bila barua ya daktari. Nikaleta barua, nikaambiwa haina mhuri. Nikaleta yenye mhuri, nikaambiwa anayehusika ametoka. Ilipopokelewa ilikuwa siku ya tisa. Kijana aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyechukuliwa. Hakunitambua kwa siku mbili. Alama za pingu kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto hazijafutika, na akisikia gari linasimama nje huingia chini ya kitanda, mtu mzima wa miaka 22 sasa. Mbunge aliyesema wiki iliyopita kwamba jela ndiyo inayonyoosha vijana, namkaribisha nyumbani aje amtazame huyu aliyenyooshwa.

Kwa hiyo usiniweke kwenye kundi lolote la hao wanaopigiana kelele. Nimewasikiliza miezi hii yote. Huyu anahesabu fedha za kigeni, yule anahesabu dhambi. Sijasikia hata mmoja akihesabu vitanda.

Mheshimiwa, ninachoomba si kigeni duniani. Ureno ilipoacha kumtia jela mtu aliyekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe, mwaka 2001, iliunda tume za kumsikiliza, na anayehitaji matibabu hupelekwa kwenye matibabu. Wananchi wa jimbo la Washington, Marekani, walipopiga kura ya kuhalalisha mwaka 2012, sheria yenyewe waliyoipigia kura ilitaja sehemu ya kodi iende kwenye afya na kinga. Ujerumani, ambayo sheria yake ilianza Aprili 2024, inamruhusu mtu kuanzia miaka 18 kupata bangi kupitia vyama ambavyo wanachama huilima wenyewe, lakini aliye chini ya miaka 21 hapewi yenye THC inayozidi asilimia 10. Québec, kule Kanada, ilianza na umri wa miaka 18 mwaka 2018, kisha ikaupandisha hadi 21 Januari 2020. Uruguay, iliyotangulia nchi zote kwa sheria ya 2013, huuza katika maduka ya dawa, kwa waliosajiliwa tu, na kwa kipimo: gramu 40 kwa mwezi, basi. Hizo zote ni sehemu zilizohalalisha au kulegeza. Hazikuharamisha. Zilikaa chini zikafikiria kijana kabla ya kufikiria mnunuzi.

Na Thailand? Iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, sheria ya kusimamia biashara yenyewe ikiwa haijapitishwa. Maduka yakajaa. Juni 2025 serikali ikabidi irudi nyuma na kutaka cheti cha daktari. Miaka mitatu mtoto wa mtu alikuwa katikati hapo. Naiona rasimu yako ya tatu ikielekea njia hiyohiyo, leseni kwanza na mengine "yatawekewa kanuni na Waziri." Mimi nimesubiri kanuni za waziri kwa mambo madogo kuliko haya, nikazeeka.

Ningependa umri uwe 21. Ningependa nguvu ya THC iwekewe kikomo na iandikwe kwenye pakiti kwa maneno ambayo mtu aliyeishia darasa la saba anayaelewa. Ningependa polisi wapewe amri kwamba mgonjwa hanyimwi dawa zake mahabusu hata kwa saa moja. Ningependa walimu wafundishwe dalili, maana mwalimu wa mwanangu aliniambia ni mvivu, akamchapa kwa uvivu ambao ulikuwa ugonjwa. Haya yote nimeyaandika katika zile barua zangu tatu na sitayarudia kwa kirefu. Mkisema ni mengi mno kwa mara moja, nitayaacha yote mengine mlangoni nibaki na moja. Kile kifungu. Kile ulichokisema kwa kinywa chako.

Wizara ya Fedha itakwambia kwamba fedha za kodi huingia mfuko mkuu na hazitengwi. Nimeshaambiwa hivyo na karani mmoja, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. Basi naomba mtu anieleze: kama zitaingia mfuko mkuu, wodi ile inapata kutoka mfuko gani? Nimekuwa nikiingia na kutoka humo kwa miaka mitano. Muuguzi wa zamu ya usiku ni mmoja kwa wodi nzima. Nyumba ya upataji nafuu iliyo karibu inaendeshwa na vijana waliowahi kutumia wenyewe, wanaombaomba chakula cha wagonjwa, na mwezi jana walimkataa mwanangu kwa sababu hawana mtu wa kusimamia dawa za akili. Hawakumkataa kwa ubaya. Kiongozi wao alilia akiniambia.

Mtasema muswada bado una hatua, nisiwe na haraka. Nilikuwa sina haraka nilipoandika barua ya kwanza.

Ijumaa asubuhi walituruhusu. Kitanda hakikupatikana, na godoro nalo lilikuwa linahitajika kwa mwingine, mvulana mdogo zaidi ya wangu, aliyefungwa kamba za mikono na mjomba wake kwa kuwa gari la wagonjwa halikuja. Tumepewa dawa za siku 14. Nimezipanga kwenye kisanduku chenye vyumba, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Anapozimeza mikono inamtetemeka hivi kwamba nusu ya maji humwagikia kifuani, naye huomba radhi kila mara. Siku ya 15 nitarudi foleni.

Kamati yako inakutana tena Alhamisi ijayo, na mkutano uko wazi kwa umma. Nitakuwepo. Nitakaa safu ya mbele nikiwa na faili langu la bluu, ndani mna nakala ya rasimu ya kwanza, na kile kifungu nimekipigia mstari kwa kalamu nyekundu ili usipate shida ya kukitafuta. Sihitaji hata zile dakika tatu safari hii. Kirudishe, Mheshimiwa. Kirudishe kama kilivyokuwa.

Wako mtiifu,
Mama wa mgonjwa wa godoro la korido