Ng'ombe na mvua tu? Hapana jamani

Ndugu mhariri,

Kuna msomaji wenu aliandika juzi kwamba Uingereza ukishatoka London, Birmingham na Manchester hamna cha kuona, ni ng'ombe na mvua tu, na Mzungu wa kijijini hata salamu hatoi. Nimecheka peke yangu kama chizi maana hiyo barua niliisoma nikiwa nimefunga boti kijiji kimoja kinaitwa Cropredy, mvua inapiga juu ya bati na ng'ombe wawili wananichungulia dirishani. Kwa hiyo nusu ya maneno yake nakubali.

Mi ni mtu wa Pangani, mwaka wa nne huu naishi kwenye boti ya mfereji. Msije mkadhani ni zile yoti za matajiri. Ni kitu cha chuma kirefuu chembamba, upana mita 2 na ushee basi, kwa sababu mifereji mingi ya katikati ya nchi ilichimbwa karne ya 18 na loki zake (vile vyumba vya maji vyenye mageti vya kupandisha na kushusha boti) ni nyembamba hivyo hivyo, sasa boti ikinenepa haipiti. Ndani kuna jiko la makaa, kitanda, na choo cha kasha ambacho likijaa unalibeba mwenyewe mkononi kwenda kulimwaga, hili mtu hakuambii kabla hujanunua.

Kama huna gati lako la kudumu, sheria ya mwaka 1995 inasema usikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, utake usitake unang'oa mambo unasonga. Ndo nilivyovijua vijiji, si kwamba nilikuwa mtalii.

Huu mfereji niliopo, wa Oxford, ulianza kuchimbwa 1769 ukafika Oxford 1790, kazi yake kuleta makaa ya mawe kutoka upande wa Coventry. Yule mhandisi James Brindley hakutaka shida na vilima, alifuata usawa wa ardhi tu, kilima kikija anakizunguka. Matokeo yake unapokaribia kijiji cha Napton unakiona kinu cha upepo juu ya kilima kiko mbele yako, unakunywa chai, kinu kiko kulia, unaosha kikombe, kinu kimehamia kwingine kabisa na wewe hujaondoka hapo. Mwendo wenyewe mwisho kilomita 6 kwa saa, mtu na mbwa wake wanakupita njiani wanakupungia. Hiyo njia ya pembeni ilikuwa ya farasi waliokuwa wanavuta boti, na kwenye kona za baadhi ya madaraja ya zamani kamba zimekula mpaka zikaacha mifereji midogo, nimetia kidole kikaingia. Kamba tu jamani, na si kwa siku moja.

Sasa nije kwenye salamu. Pale Claydon kuna loki 5 zimefuatana, ya pili yake nikadondosha ule mpini wa kufungulia maji, chubwi. Nimesimama mikono kiunoni, mama mmoja mtu mzima akatoka boti ya nyuma, hata hakuuliza, ana sumaku kwenye kamba, akaitumbukiza mara tatu ya tatu ikatoka na mpini wangu pamoja na mwingine wenye kutu wa mtu mwingine. Akanipa yote miwili! Na huyo ndo asiyesalimia?

Halafu Wormleighton. Nilitembea kwenye shamba moja karibu na mfereji limejaa mabonde na vituta, nikasema moyoni hawa walilima viazi vitamu hapa. Mzee mmoja alikuwa anapita na mbwa akanisimamisha, akanieleza kwamba hapo ndo kilikuwa kijiji, mwishoni mwa karne ya 15 mwenye ardhi aliwafukuza watu akaweka kondoo kwa sababu sufu ilikuwa na hela, na vile vituta ni nyumba na vichochoro vyao. Nilikaa kimya. Sikutegemea Uingereza nako kuna watu waliohamishwa kupisha mifugo, nilidhani hayo mambo ni ya kwetu.

Sitaki kudanganya watu lakini. Vijiji vingine duka hamna, basi linapita kwa kubahatisha, nyumba bei yake mwenyeji kijana hawezi. Na baridi ikikaza mfereji unaganda, unalala na makoti mawili.

Huyo msomaji kama yuko maeneo ya Banbury au Oxford basi mwambieni kuanzia Jumamosi nitakuwa Fenny Compton mpaka siku zangu 14 ziishe, chai ya tangawizi ipo. Aje na mabuti ya mpira, tope la pale halina adabu.

Mpangani wa Mferejini
Cropredy, Uingereza