Uhamisho wa nyumba usikamilike kabla bikoni hazijaonekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo lililonikuta mwaka huu nilipokuwa nikinunua nyumba viungani mwa Moshi, kwa kuwa naamini wengi wanaonunua nyumba hapa kwetu wanapita njia ileile niliyopita mimi, na hawaijui hatari iliyopo hadi fedha ziwe zimekwisha kutoka mkononi.

Nilifanya yote niliyoshauriwa. Niliomba upekuzi katika ofisi ya ardhi, nikathibitishiwa kwamba jina lililo kwenye hatimiliki ni la muuzaji na kwamba nyumba haina rehani wala zuio. Mke wa muuzaji alitia saini ya ridhaa, kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka kwa nyumba ya familia, kisha nikalipa nusu ya bei. Siku chache baadaye nilimwomba muuzaji anioneshe bikoni za kiwanja, yaani alama anazozisimika mpima ardhi kwenye kona zake, naye bila kusita akanionesha mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu, uliopanda kutoka barabarani hadi nyuma ya banda la kuku.

Wasomaji wa huku wanajua uzito wa masale. Ndiyo mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, tangu enzi za mababu, na ndiyo majani anayoyashika mtu anapokwenda kuomba msamaha, kwa hiyo mwenye adabu hayang'oi ovyo. Mzee yule hakunidanganya. Alinionesha mpaka aliourithi kwa baba yake. Lakini eneo lile lilipopimwa viwanja, mistari ilinyooshwa ili barabara ya mtaa ipate nafasi, na masale yakabaki pale yalipokuwa. Tangu hapo kiwanja kile kina mipaka miwili, mmoja kwenye ramani na mwingine kwenye udongo, na hati inautambua ule wa ramani peke yake.

Nilimlipa mpima ardhi aliyesajiliwa aje kufufua mipaka. Bikoni ya mbele ilionekana mara moja. Ya nyuma tuliitafuta hadi alasiri, tukaikuta chini ya rundo la majivu, ndani kabisa ya ua wa muuzaji, mita 2.4 kutoka kwenye masale: kipande cha chuma kilichoshikwa na zege, namba yake ikiwa bado inasomeka. Mpima alipofunga kamba kutoka bikoni hadi bikoni, ilipita juu ya mfuniko wa shimo la maji taka, kisha ikagota kwenye ukuta wa jiko. Kwa upande wenye urefu wa mita 25, pembetatu ile ni mita za mraba 30 za ardhi ya jirani, na mimi nilikuwa nimekwisha kuilipia nusu.

Jirani mwenyewe ni mama mjane wa makamo. Aliitazama ile kamba kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, haya masale mimi niliyakuta. Sikujua kama jiko hili liko kwangu."

Upekuzi ni wa lazima na siubezi, lakini unajibu swali la nani anamiliki na nani anadai. Haujibu kama ukuta wa jiko uko ndani ya kiwanja. Mthamini naye hufika nyumbani kabla ya uhamisho, lakini kazi yake ni kukadiria thamani. Hata mwenyekiti wa mtaa anaijua mipaka kwa macho, kama sisi sote. Ni mpima ardhi peke yake, mwenye ramani ya upimaji na vifaa vyake, awezaye kusema mstari unapita wapi, naye ndiye ambaye wanunuzi wengi hatumwiti kwa sababu tunaona gharama yake ni nyongeza isiyo ya lazima. Nawasihi pia wasomaji wasikubali kuoneshwa mpaka kwa simu ya mkononi, kwa maana simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa, na mgogoro wangu mimi ni wa mita mbili na nusu tu.

Mnunuzi anayekaa kimya huurithi mgogoro pamoja na nyumba. Sheria inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kuidai, na tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui, hivyo suluhu ikishindikana shauri huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako majirani waliokuwa wakiazimana chumvi hukaa upande huu na upande huu.

Ombi langu kwa halmashauri na ofisi za ardhi, hapa Moshi na Arusha pia, ambako mashamba ya ukoo yanageuka viwanja kila siku, ni kwamba uhamisho wa nyumba uambatane na taarifa fupi ya ufufuaji wa mipaka iliyosainiwa na mpima pamoja na majirani wanaopakana, na kwamba ada ya kazi hiyo iwekwe katika kiwango ambacho mwalimu mstaafu anaweza kukimudu. Pale ambapo nyumba kadhaa za mtaa mmoja zinahitaji huduma hiyo, mpima aitwe mara moja na gharama igawanywe.

Kwa upande wetu, muuzaji, yule mama na mimi tumeandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba shimo la maji taka litahamishwa kwa gharama ya muuzaji, na kwamba kona ya jiko itabomolewa, isipokuwa kama mama ataridhia kukiuza kipande kile na ramani ikarekebishwa kisheria. Anasubiri wanawe waje waongee. Nusu ya pili ya bei ingali benki, na bikoni ya nyuma tumeizungushia mawe ili isifukiwe tena.

Mwalimu mstaafu,
Moshi