Tiketi yako sijaiuza

Julai 2025

Kwako Hamisi,

Salaam nyingi, na nyingine mpe shemeji na watoto. Mimi mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri. Salamu ziishie hapo kwanza, maana kuna neno limenikaa kooni tangu Jumanne.

"Uza tiketi yangu." Ndio ujumbe huo? Miezi miwili simu hupokei, nikikuandikia hujibu, halafu usiku wa manane unaniletea maneno matatu kama mtu anayemtuma mtoto. Tiketi ya AC/DC, bendi yetu ya roki tangu ujana, tuliyoiwinda, wewe kwenye kompyuta na mimi kwenye simu, na ilipopatikana ukapiga ukelele mpaka ukamwamsha mama mkwe! Nilikasirika, Hamisi. Nikatunga majibu mengi kichwani, na mengine siyaandiki hapa kwa sababu najua barua zako shemeji huzisoma.

Kisha Kibwana akaropoka. Usimlaumu, alidhani najua. Ndipo nikasikia habari za daktari, na ule mlio wa sikio la kushoto usiozima usiku wala mchana, na kwamba umekatazwa makelele. Hata mitambo ya muziki ya harusini umemwachia kijana.

Mbona hukuniambia?

Au uliniambia, mimi ndiye sikusikia. Juzi nikiwa nimelala nilikumbuka siku ile kwa akina Salma. Ulinihamisha kiti mara mbili. Mara ya kwanza nikadhani unakwepa jua, mara ya pili ukasema feni inakupiga. Kumbe ulikuwa unaniweka upande wa kulia. Na kile kijiko! Mtu alikiangusha kwenye sahani, ukafumba macho, ukaushika ukingo wa meza mpaka vidole vikakauka damu. Nami nikakutania kwamba umezeeka, unashtushwa na vyombo. Nisamehe kwa hilo.

Sasa ngoja nikwambie nilichotaka kukufanyia, ucheke. Nilitaka nikuletee Brian Johnson, mwimbaji wao, kama shahidi. Barua ya kwanza niliiandika yote, kurasa tatu. Nikakukumbusha 2016, madaktari walipomwambia Brian kwamba asiposhuka jukwaani atakuwa kiziwi kabisa. Ziara ilikuwa katikati. Akashuka. Wewe uliomboleza kuliko wote, ukaapa humtazami Axl Rose, aliyeshika nafasi yake, hata dakika moja, halafu ukamtazama mwanzo hadi mwisho akiimba kule Lisbon, mguu umevunjika, ameketi kitini kama mfalme, na mwisho ukasema "tusimnyime haki yake". Nikakukumbusha Oktoba 2023, Brian huyo huyo yuko Indio, California, kofia yake kichwani, anaunguruma tena. Kuna fundi alimhangaikia na vifaa vipya vya masikioni mpaka akaweza kuisikia bendi. Nikakukumbusha na tarehe 17 Mei 2024, ziara hii ya sasa ilipofunguliwa Gelsenkirchen, uliponipigia bila hata salamu ukasema "sikiliza", ukaiacha simu juu ya spika. Sikusikia kitu zaidi ya mkwaruzo, lakini nilikaa nao nusu saa.

Basi nikamalizia: mzee wa miaka 77 amerudi, wewe hamsini na ushee unashindwaje?

Nikaisoma tena asubuhi, nikaona aibu. Hoja yangu ilikuwa imebeba jibu lako mgongoni. Brian amerudi kwa sababu alishuka. Aliambiwa acha, akaacha, na waliokuwa na tiketi mkononi walinuna kama nilivyonuna mimi. Miaka saba hiyo. Wewe hujamaliza hata miezi mitatu na mimi nimeshakuletea kesi.

Halafu si muziki peke yake uliomuumiza. Mwenyewe alieleza kwamba mbio za magari ndizo zilizomtoboa kiwambo cha sikio, na ni la kushoto vilevile. Lako hakulitoboa gari. Lako limeliwa na harusi za watu, umesimama hatua tatu kutoka kwenye spika kwa sababu mwenye shughuli anataka isikike mpaka mtaa wa pili. Na mwenye shughuli yule, yule mkubwa mwenye suti nyeupe, kila nikimkumbuka alivyokuwa anakuja kukuonyesha dole gumba kuelekea juu, ongeza, ongeza... Basi, tuyaache.

Ajabu ni kwamba hesabu yote ulinifundisha wewe. Desibeli 85, mtu anaweza kukaa nazo saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Ulinichorea kwa kalamu nyuma ya kadi ya mwaliko: 88, saa 4; 91, saa 2; ukashuka nayo hadi 100, dakika 15. Nikakuuliza, na wewe hapa unakaa muda gani? Ukacheka, ukageuka kurekebisha besi. Kadi ile ninayo. Niliitafuta jana nikaipata ndani ya kifuniko cha kaseti, na nimeiweka hapa mezani kama hati ya mashtaka, ila sijui namshtaki nani.

Kibwana naye ananichosha. Ananifariji kwa kuniambia hatukosi kitu, hiyo si AC/DC tena, ni bendi ya kukodi. Anahesabu kwa vidole: Malcolm Young wa gitaa hayupo, Phil Rudd wa dramu hayupo, Cliff Williams ameshaitundika besi na mahali pake yuko Chris Chaney, dramu anapiga Matt Laug. Nikamuuliza mbona hesabu yake inaanzia katikati. Bon Scott, mwimbaji aliyemtangulia Brian, alifariki Februari 1980, na Julai mwaka huohuo albamu ya *Back in Black* ikatoka, jalada jeusi la msiba. Kama ni kufa na mtu, wangekufa pale. Bendi ile ni mkono wa kulia wa Malcolm, ule mchapo wa gitaa usiopepesa, na mkono huo sasa anao Stevie, mtoto wa kaka yao Malcolm na Angus. Watu wanamwita kijana wa familia, kumbe na Angus, mpiga solo wetu, hawajapishana hata miaka miwili! Kibwana akanyamaza. Baadaye akasema, "lakini tiketi utaiuza?" Nadhani anaitaka.

Malcolm ndiye ninayemfikiria zaidi siku hizi. Maradhi ya kusahau yalimwanza akiwa bado ziarani, ikawa lazima ajifunze upya nyimbo alizozitunga mwenyewe. Fikiria. Mtu anakaa chumbani na gitaa anafundishwa na wimbo wake. Alitoka kwenye bendi 2014, akafariki Novemba 2017. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Labda kwa sababu siku zote tulikuwa tunazungumza habari za bendi hii kama mashine, vyuma vitupu, umeme, na jina lenyewe dada yao Margaret alilitoa kwenye cherehani. Kumbe ni masikio na vidole na kumbukumbu, vitu vinavyochakaa. Angus mwenyewe sasa ana miaka 70 na bado anavaa kaptura ya shule. Ile solo yake ndefu ya mwisho, pale wewe huwa unasema "sasa mwalimu amwite mzazi", nimeiona kwenye video za ziara hii. Ananyanyuliwa juu na jukwaa, jasho linachuruzika mpaka kwenye nyuzi, nywele zimebaki nyeupe tupu. Anapumzika kidogo zaidi kati ya vipande kuliko zamani. Halafu anaanza tena.

Turudi kwenye tiketi.

Wewe ndiye uliyechagua Edinburgh, usisahau. Mimi nilitaka Paris. Walianza Prague tarehe 26 Juni, wameshapita Berlin na Warsaw, na Ulaya wanaimaliza hapo Edinburgh, uwanja wa Murrayfield, tarehe 21 Agosti. Ulisema usiku wa mwisho ndio wenye kitu, na kwamba ukitaka kuwaona watu hawa waone Scotland, hata kama bendi ilizaliwa Sydney 1973. Malcolm na Angus walizaliwa Glasgow. Bon alikulia Kirriemuir mpaka wazazi walipohamia Australia. Ukapanga kabisa: asubuhi moja tupande basi twende Kirriemuir tukaisalimie sanamu ya Bon, jioni yake turudi. Safari nzima uliichora kwenye karatasi, na vishale. Ile karatasi ninayo pia. Naona nimekuwa stoo ya karatasi zako.

Sasa sikiliza pendekezo langu, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Uwanja ule haujafunikwa juu. Kelele zote zile hazikai ndani, zinamwagika. Na umbali ukizidishwa mara mbili, sauti inapungua desibeli 6, hilo nalo ulinifundisha wewe. Ninachofikiria ni kukaa nje. Mbali. Wewe uje na kile kipimo chako cha sauti, vizibo viwe masikioni, tuanze kwa mbali kabisa na tusogee tu pale kipimo kinapokubali, na sikio linapokubali. Ukiinua mkono tunaondoka, sikuulizi. Kengele ile ya mwanzo wa "Hells Bells", wimbo wa Brian, nadhani itatufikia. Mizinga wanayoilipua mwisho wa onyesho nayo itatufikia hata tukiwa kwenye tramu.

Lakini kwanza umuulize daktari. Namaanisha umuulize kweli, kwa maneno kamili, si ile ya kumwambia "nitatembea tembea Scotland". Akisema hapana, ni hapana, na sitaki uje kunifurahisha mimi. Hapo tutakwenda Kirriemuir tu, mchana, tukae na Bon ambaye hapigi kelele tena, na jioni ukalale. Mimi kuingia uwanjani peke yangu... nimejaribu kujiona nimeketi pale pembeni ya kiti chako kikiwa na mtu mwingine anayeruka ruka, nikashindwa. Nikisema siingii utasema najifanya mtakatifu. Nikisema naingia utanyamaza miezi miwili mingine. Niambie wewe.

Kibwana nimemwambia tiketi imeshapata mtu. Ni uongo, akikuuliza shikilia hapohapo.

Na hayo mengine unieleze, maana Kibwana hadithi zake nusu ni zake. Huo mlio ukoje? Ni kama filimbi au kama ile mvumo ya amplifaya isiyofungwa vizuri waya wa chini? Usiku unalalaje? Unasaidia ukiwasha redio kwa chini, au ndio unaongezeka? La kulia wamelipima? Wamesema litabaki lilivyo au na lenyewe liko njiani? Shemeji anajua yote, au na yeye umempa maneno matatu? Kijana unayemwachia mitambo, umeshamwonyesha ile hesabu ya nyuma ya kadi, na je, anavaa vizibo au anacheka kama ulivyocheka? Unaweza kusikiliza muziki hata kidogo, au ndio umefunga kabati lote? Na siku ile kwa akina Salma, nilipokuwa nakusimulia habari za goti langu kwa nusu saa nzima, ulisikia hata neno?

Simu sipigi tena, sasa nimeelewa kwa nini hupokei. Nijibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, maana baada ya hapo hata nikitaka kuuza sitapata mtu. Na yazidi matatu.

Ni mimi,
Musa

Kile kipimo chako, angalia kama betri zake bado zinafaa. Mara ya mwisho kilikuwa kinatuambia chumba kitupu kina desibeli 70.